Kumsafirisha mtoto nje ya nchi: nyaraka za kuandaa, hatua kwa hatua

Mimi ni wakili, na wazazi wengi hunijia kuandikiwa viapo na barua za ridhaa kwa ajili ya safari. Afisa wa Uhamiaji akimwona mtu mzima na mtoto ana maswali mawili: huyu ni nani wako, na mzazi wa pili anajua? Msiyachukie maswali hayo. Watoto huibwa na kuvushwa mipaka kwa mabasi na ndege hizihizi tunazopanda sisi. Nyaraka zote hapa chini ni za kuyajibu, na ninaeleza kwa anayeanzia Tanzania Bara, ambako Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18.

Hatua ya 1: Cheti cha kuzaliwa

Kinachotakiwa ni cheti cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kadi ya kliniki haitoshi. Tangazo la kizazi mlilopewa hospitali nalo halitoshi. Hilo ndilo la kupeleka RITA ili mpate cheti.

Kisha kaa chini usome majina herufi kwa herufi, maana hapa ndipo safari nyingi zinapokwama. Cheti cha mtoto kinasema mama ni Mwanaidi Salum, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanahidi Salumu Bakari, pasipoti ina jina la mume. Nyumbani kila mtu anajua ni mama yuleyule, lakini afisa wa ubalozi hajui. Kosa likiwa kwenye cheti, omba RITA irekebishe. Ukiwa umechukua jina la mume, beba cheti cha ndoa. Ukiwa unajulikana kwa majina mawili, kula kiapo cha majina mbele ya wakili. Fanya haya kabla ya kuomba pasipoti, la sivyo kosa litahamia huko.

Hatua ya 2: Pasipoti ya mtoto

Kila mtoto ana pasipoti yake, hata mchanga wa wiki mbili. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, na ada ni Sh 150,000: unaanza na 20,000 ya fomu, zinazobaki hulipwa baadaye. Andaa cheti cha mtoto, vitambulisho vya wazazi, picha, na ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Nenda na vyeti halisi, si nakala peke yake.

Hatua ya 3: Barua ya ridhaa

Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, yule anayebaki anaandika ridhaa. Akisafiri na bibi, shangazi au mwalimu, wanaandika wazazi wote wawili. Barua itaje majina kamili na namba za pasipoti, nchi, tarehe ya kwenda na kurudi, mahali pa kufikia, na nani atagharamia. Isainiwe mbele ya wakili, ibandikwe nakala ya kitambulisho cha aliyesaini, na iwe na namba ya simu inayopokelewa hata usiku. Iandikwe kwa Kiingereza, au lugha ambayo ubalozi husika unaikubali.

Mzazi mwenzako akiwa amefariki, beba cheti cha kifo. Mkiwa mmeachana, hati ya talaka peke yake haisemi mtoto anakaa na nani. Tafuta amri ya mahakama kuhusu malezi ya mtoto. Baba akiwa hajulikani aliko, mama anaweza kula kiapo kueleza hali hiyo, ingawa baadhi ya balozi zitadai amri ya mahakama, kwa hiyo uliza mapema. Nawasihi sana: asitafutwe mjomba wa kusaini jina la baba. Hiyo ni kughushi, na ni jinai.

Hatua ya 4: Masharti ya mnakokwenda

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inataka fomu ya mtoto isainiwe na mzazi au mlezi wa kisheria. Aliye chini ya miaka 6 halipi ada, wa miaka 6 hadi 11 analipa yuro 45, na aliye chini ya 12 hachukuliwi alama za vidole. Afrika Kusini ilianza Juni 2015 kudai cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote pamoja na ridhaa. Mwaka 2019 ililegeza kwa watoto wa nchi ambazo raia wake hawahitaji viza kuingia huko, wanaosafiri na wazazi, lakini mimi bado nawaambia wateja wavibebe.

Hatua ya 5: Kabla ya kuondoka

Nchi ikidai chanjo ya homa ya manjano, mtoto achanjwe angalau siku 10 kabla. Akisafiri peke yake, piga simu shirika la ndege kabla ya kukata tiketi: mengi hupokea wa miaka 5 hadi 11 kwa huduma maalumu ya kulipia, na hutaka jina na kitambulisho cha atakayempokea.

Nyaraka zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, na seti ya nakala ibaki kwa mtu wa nyumbani.