Kutandika kanjia ka mawe mu parsele: huku Goma hauchimbi, unainua

Mwaka jana, mwezi wa kumi, mama yangu alianguka akitoka jikoni usiku, umeme imekatika, mvua inanyesha, goti likachanika ku lava. Njo nikaamua nitengeneze kanjia mimi mwenyewe, mita 6 tu, kutoka jikoni mpaka ku mlango wa nyumba. Nilitandika mara mbili. Ya kwanza niliweka mawe juu ya matope, mvua ikapiga miezi miwili mawe yote yakaanza kucheza, nikang'oa. Ya pili imesimama, na tofauti yote iko chini, pale macho haifiki.

Ukiangalia video za intaneti wote wanakwambia chimba sentimeta 20. Sawa, lakini wao wako na udongo. Sisi lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na hata pale haikupita mwaka ule, mara mingi chini kuna lava ya zamani. Usimalize mgongo na baramina, ile nondo nzito ya kuchimbia. Vunja tu vichwa vile vinatokeza sana (vaa miwani tafadhali, vipande vya lava vinakata kama chupa na jicho ni moja), kisha jaza mashimo na uinue njia juu. Kama wewe uko na udongo, chimba hizo 20 mpaka ufike pagumu. Ndugu zetu wa Bukavu wenye udongo mwekundu wa mfinyanzi, muongeze kidogo, msingi wa gravye (mawe madogo ya kuvunjwa) ufike sentimeta 15, kwa sababu ule udongo ukilowa unalegea.

Sasa kwa sababu unainua, pima mlango kwanza!! Njia ikimalizika inatakiwa ibaki chini ya kizingiti, sentimeta 15 hivi ni nzuri, kama sivyo maji ya mvua utayakaribisha sebuleni. Mimi nilipima na mpira wa maji wenye kuonyesha ndani, ule mafundi wanatumia, unajaza maji mmoja anashika huku mwingine kule na maji inakuonyesha usawa, bei yake kidogo na haidanganyi.

Upana nilichukua sentimeta 90. Mtu anapita na beseni kichwani na mtoto mkononi, na burwete (toroli) inapita pia. Vijiti haviingii mu lava kwa hiyo kamba zifunge ku mawe mazito, upande huu na huu, na kamba moja iwe chini kuliko nyingine sentimeta 2, upande wa bustani, si upande wa nyumba. Hapo njo maji yatateremkia.

Msingi ni gravye. Hesabu yangu: mita 6 kwa 0.9 ni mita mraba 5.4, ukiweka unene wa sentimeta 10 ni kama nusu mita kibu, lakini ukishindilia inashuka, kwa hiyo leta burwete 12 za litri 60, na kama lava yako iko na mashimo mingi ongeza ingine 3 au 4. Mimi niliita kijana wa tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, safari chache ikaisha. Usimwage yote mara moja. Mwaga sentimeta 5, nyunyizia maji, shindilia, tena 5, tena maji, tena shindilia. Kifaa cha kushindilia tengeneza: kopo ya rangi, jaza beto (zege), simamisha mti wa mkono ndani, ngoja ikauke siku kadhaa. Hii kazi inachosha kuliko zote na njo ile watu wanaruka. Usiruke. Piga kisigino chini, kama kinaacha alama bado haujamaliza.

Kabla ya mawe ya katikati, weka ya pembeni. Chagua makubwa, yatandike pande zote mbili na simenti, ndoo moja ya simenti kwa nne za mchanga, uache siku mbili. Bila hiyo mipaka mawe yatakuwa yanakimbia nje pole pole kila mwaka.

Kisha mchanga, sentimeta 4. Kama umenunua pave za kiwandani lainisha mchanga na bao ndefu na usikanyage tena (za sentimeta 20 kwa 10 zinaingia 50 mu mita mraba moja, nunua na kumi zaidi mu kila mia, zingine zitavunjika). Mimi nilitumia mawe ya lava ya kuchonga, yako ya kwetu na hayatelezi mvua ikinyesha, lakini unene haulingani, kwa hiyo kila jiwe unalichimbia kitanda chake: ongeza mchanga, punguza, weka, piga na nyundo juu ya kipande cha mbao, weka nivo (kipimo cha usawa), kanyaga. Likicheza hata kidogo litoe urudilie. Mistari ya mawe isiangaliane, kama matofali ya ukuta. Kati ya mawe hayo ya lava acha sentimeta 1 hivi.

Ndani ya hizo nafasi usiweke simenti, mchanga mkavu tu, fagia uingie, mwaga maji kidogo, kesho yake fagia tena. Simenti itapasuka, na maji haitakuwa na pa kupenyea.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita toka nje uangalie maji imesimama wapi. Jiwe lile lilishuka linyanyue na baramina, ongeza mchanga, rudisha, dakika kumi. Kwangu yalishuka mawili upande wa jiko, nikayarudishia, hayajashuka tena.