Kushona Kamba ya Mbwa Isiyoachia

Kamba ya mbwa ni nadra kukatikia katikati. Huachia kwenye mishono ya ncha zake au kwenye kulabu, kwa hiyo huko ndiko kwa kutumia muda na pesa. Vipimo vya hapa ni vya kamba ya mita 1.8, kwa mbwa wa kilo 15 hadi 35.

Tafuta mkanda wa nailoni, ule unaoshonewa mabegi, wenye upana wa sentimita 2.5 na urefu wa mita 2.15. Kwa mbwa mdogo, upana wa sentimita 1.5 unatosha. Mkanda wa polipropilini ni wa bei nafuu na haunywi maji, lakini huchoma kiganja mbwa akichomoka, na jua huumaliza mapema. Uzi uwe mnene, wa poliesta au nailoni. Wa pamba huoza kwa unyevu. Kulabu iwe ya chuma cha pua, yenye shingo inayozunguka ili kamba isijisokote. Zile za zinki hung'aa vizuri, kisha siku moja hukatika ghafla bila hata kupinda kwanza.

Pitisha kila ncha ya mkanda kwenye moto wa kiberiti sekunde mbili tatu mpaka nyuzi zishikane, kisha ibonyeze kwa kijiko cha chuma. Usithubutu kutumia kidole: nailoni iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi. Usipoibonyeza, hubaki donge gumu la kukukwaruza mkono kila siku.

Kwa mpini, kunja sentimita 25, hakikisha kitanzi hakijajipinda, kisha bana kwa vibanio vya nguo, maana pini hazipenyi. Utashona sentimita 5 za mwisho tu. Zinazobaki ni nafasi ya mkono. Ncha ya pili ipitishe kwenye jicho la kulabu, kunja sentimita 7, shona 5, na 2 ziache ili kulabu icheze.

Mshono wenyewe ni mraba wenye msalaba ndani. Anzia katikati ya upande, si kwenye kona, zunguka pande zote nne, pita kona kwa kona mara mbili, kisha rudia yote juu ya mistari ile ile. Kaa milimita 3 kutoka ukingoni. Urefu wa kila mshono uwe milimita 3 hadi 3.5. Wengi hudhani mishono midogo midogo ndiyo imara. Kwenye mkanda mnene ni kinyume chake, kwani matundu yaliyosongamana hukata nyuzi za mkanda, nao huchanikia papo hapo.

Cherehani ya nyumbani huweza tabaka mbili ukitumia sindano namba 16 au 18 na kuzungusha gurudumu kwa mkono inapokwama. Mshono ukiruka, badilisha sindano kabla ya kugusa mkazo wa uzi. Huna cherehani? Tia sindano kila ncha ya uzi mmoja, zipishane katika kila tundu. Inachosha, ila uzi ukikatika upande mmoja, wa pili bado umeshika.

Kabla ya kumfunga mbwa, funga kulabu kwenye nguzo na uvute kwa mishtuko, kwa uzito wako wote. Kisha kagua: uzi uliolegea au tundu lililopanuka maana yake fumua, ushone upya. Kwa mbwa mtafunaji, weka sentimita 30 za mnyororo kati ya kulabu na mkanda.