Kufundisha watoto wa awali makazi ya wanyamapori: tengeneza mahali kwanza, mnyama afuate

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la awali, au mzazi, mwenye watoto wa miaka 4 hadi 6. Kasoro inayojirudia katika somo hili ni mtoto kukariri majina ya wanyama na milio yao, ila ukimuuliza kwa nini kiboko hakai porini mbali na maji, hana jibu. Anakuwa amejifunza picha tu. Kinachosaidia ni kutengeneza makazi kwanza, kisha kumleta mnyama na kumwacha mtoto atafute ataishi vipi pale.

Vifaa

Turubai la mita 2 kwa 2 (magunia yaliyoshonwa pamoja yanatosha), ndoo 2 za mchanga, ndoo 1 ya udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, karai, manyasi makavu, matawi mabichi yenye majani mengi, kamba ya katani ya mita 6, maboksi matupu, mkasi na mkaa wa kuchorea.

Usilete darasani meno, pembe, ngozi, miiba ya nungunungu wala ganda la yai la mbuni, hata kama limeokotwa. Kwa sheria ya Tanzania hizo ni nyara za serikali, na kukaa nazo bila kibali ni kosa.

Mabango ya wanyama yanayouzwa madukani yakague kabla hujayatundika. Mengi yanachanganya simba, chui milia, dubu mweupe na kangaruu kwenye nyasi zilezile, na mtoto akishaliona hilo atasadiki kwamba chui milia yuko Serengeti. Wakate wale wageni kwa mkasi. Wanyama wa plastiki nao siwapendekezi kwa kuanzia, kwa sababu simba hutengenezwa mrefu sawa na twiga.

Hatua ya 1: Tengeneza mahali

Tandika turubai nje, palipo na jua, na uligawe sehemu 3. Mbuga: mwaga mchanga, simika manyasi makavu, weka tawi moja moja la mgunga (kata miiba). Mto: weka karai lenye maji ya kina cha vidole 3, na matope na nyasi pembeni. Msitu: banza matawi mabichi mpaka ukitazama kwa juu usione chini.

Anza saa 3 asubuhi. Ikifika saa 4 mchanga umeshapata moto, na chini ya matawi bado pana ubaridi. Kila mtoto aingize mkono kote kuwili kabla hajaona mnyama yeyote. Wakati wote awepo mtu mzima karibu na karai, na maji yamwagwe somo likiisha.

Kama uko Unguja, msitu wako uwe Jozani na mnyama wako awe kima punju.

Hatua ya 2: Finyanga wanyama

Chekecha udongo, uloweke usiku mmoja, ukande mpaka usinate mikononi. Kausha kivulini siku 3 au 4. Juani ngozi ya nje hukauka mapema kuliko ndani, na mnyama anapasuka mgongo. Usimtie kijiti ndani ili kumwimarisha, maana udongo husinyaa ukikauka na kijiti hakisinyai, hivyo ufa utaanzia hapo hapo. Wenye miguu mirefu, yaani twiga na mbuni, wakate kwa boksi. Wengine wafinyange wakiwa wamelala.

Hatua ya 3: Mnyama atafute makazi yake

Hapa ndipo somo huvunjika, kwa hiyo panahitaji vipindi visivyopungua 3 vya dakika 20 hadi 25.

Mpe mtoto mnyama mmoja. Usimuulize “anaishi wapi?”, kwa sababu atakutazama usoni na kubahatisha. Muulize maswali 4, kila mara kwa mpangilio uleule: anakula nini? Anakunywa wapi? Anajificha wapi? Mtoto wake analala wapi? Baada ya majibu ndipo amweke. Akimweka pabaya usimsahihishe. Rudia swali lililokwama: “Haya, pundamilia yumo msituni. Nyasi zake ziko wapi?” Mara nyingi atamhamisha mwenyewe.

Chagua wanyama wa kuanzia kwa uangalifu. Wazuri ni wale wasioleta utata: twiga, pundamilia na mbuni kwa mbuga, mamba na furukombe kwa mto, mbega na hondohondo kwa msitu. Chui na tembo waache mpaka wiki ya pili. Chui anaishi msituni, kwenye miamba na mbugani, na ukimleta mapema watoto wanaona kwamba popote ni sawa, basi maswali yote 4 yanapoteza maana.

Simba atawekwa msituni na karibu kila mtoto, kwani hadithi zimemfanya mfalme wa msituni. Usibishane na hadithi. Mfinyange simba kwa udongo wa rangi ya kahawia, umwache bila kupakwa rangi. Mlaze kwenye manyasi makavu, kisha kwenye majani mabichi, na kila mara watoto warudi nyuma hatua 10 na kumtafuta kwa macho. Kwenye manyasi makavu wengine watampita. Hapo uliza: pundamilia angemwona wapi mapema? Kwa watoto wengi jaribio hili linatosha.

Kiboko naye ana pande mbili. Watoto wanamweka kwenye maji, nao wako sahihi, ila wakifika kwenye chakula hujibu “samaki”. Kiboko hula nyasi. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake hukauka na kupasuka ikipigwa na jua, na usiku hupanda ukingo kwenda kuchunga. Kwa hiyo lazima mto wako uwe na nyasi kandokando. Kama ulisahau kuziweka, watoto hawana namna ya kupata jibu, na lawama si yao. Funika turubai kwa kitenge, sema “usiku umeingia”, na mmoja amtoe kiboko majini. Funua, jua limechomoza, arudi.

Nyumbu aje mwisho kabisa. Makazi yake ni safari nzima: miezi ya mwanzo wa mwaka makundi ya Serengeti huzaa kwenye nyanda za nyasi fupi za kusini, upande wa Ndutu, na kiangazi kikikolea husogea kaskazini hadi Mto Mara. Nyunyizia maji upande mmoja wa mbuga, simika hapo majani mabichi, watoto wawasogeze nyumbu. Kisha hamisha mvua.

Hatua ya 4: Kamba ya ukubwa

Funga mafundo: mita 1.5 kiboko begani, mita 2 mbuni, mita 5 twiga dume. Ilaze chini, watoto walale wakifuatana. Halafu itundike mtini, maana urefu wa kulala haumwingii mtoto kama urefu wa kusimama.

Hatua ya 5: Pima

Mlete mnyama ambaye hamjamgusa. Ngiri anafaa: hula nyasi na kulala shimoni, mara nyingi lililochimbwa na muhanga. Mtoto aliyeelewa atatafuta pa kuchimba kwenye mchanga, au atauliza anakula nini kabla ya kumweka. Anayemtupa popote na kukutazama usoni arudi kwenye maswali 4 akiwa na mnyama mmoja tu.

Kama shule iko jirani na hifadhi, malizia kila kipindi kwa kanuni hii, waitamke kwa sauti: ukimwona tembo au nyati, usimkaribie, usimrushie kitu, rudi taratibu, mwite mkubwa.

Wanyama wa udongo wahifadhi kwenye boksi lenye manyasi makavu, mbali na sakafu yenye unyevu. Atakayevunjika mloweke, umkande upya.