Pepes tahu: tofu ya mvuke ndani ya jani la mgomba

Haya, wale mliochoka na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kukaanga, Waindonesia wanayo hii inaitwa pepes tahu, ni chakula cha Wasunda wa Jawa Magharibi, tofu inapondwa na viungo inafungwa kwa jani la mgomba inapikwa kwa mvuke basi. Na ukitizama vinavyoingia, karibu vyote viko hapa Lamu. Shida ni tofu yenyewe tu. Malindi jaribu supamaketi kubwa, Lamu muagize anaekuja kutoka Mombasa, au tengeneza mwenyewe: soya loweka usiku kucha, saga na maji, chuja, chemsha yale maziwa yake vizuri, epua, tia maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka yagande, mimina kwa kitambaa na ukandamize na kitu kizito.

Kwa gramu 400 za tofu chukua mayai 2, kitunguu maji kimoja, thomu punje 3, manjano kijiko cha chai, pilipili mbichi kadiri ya ulimi wako, chumvi na sukari kidogo sana. Wenyewe hutia kokwa moja yaitwa kemiri inayofanya rojo iwe nzito, hapa tia korosho mbichi 4 au 5, kazi ni ile ile. Khulinjani, ule mzizi wa jamaa ya tangawizi, ukiwa nayo kipande kidogo. Rihani usiache! Wao hutumia aina yenye harufu ya ndimu lakini hii yetu yafaa kabisa. Kuna na jani lao la salam, hilo huku halipatikani, liruke.

Sasa sikiliza hapa manake ndipo watu wanapoharibu. Tofu ikamue maji kweli kweli kwa kitambaa kisafi, usione uvivu, ikiwa na maji haishikani, ukifungua inamwagika kama uji. Ponda kwa uma. Viungo twanga kwa kinu au tia blenda bila maji mengi, halafu vikaange na mafuta kidogo mpaka ile harufu ya ubichi iishe, wengine hawakaangi ila mimi naona bila kukaanga kitunguu kinabaki kikali. Vikipoa changanya na tofu, mayai na rihani.

Jani la mgomba lifute, toa ule mti wa katikati, lipitishe juu ya moto wa gesi au makaa mpaka lilainike libadilike rangi, ukilikunja bichi litapasuka tu. Weka mawili, teka vijiko vitatu vinne vya mchanganyiko, juu kipande cha tungule, kunja livirige liwe refu, miisho yote miwili choma na kijiti cha chelewa, mpya lakini, si ya fagio la uani jamani.

Huna chombo cha mvuke? Pindua bakuli la bati ndani ya sufuria, maji yasifike juu yake, weka sahani, panga, funika, dakika 30. Kula na wali wa moto.

Zikibaki weka friji na majani yake, kesho usirudie mvuke, ziweke juu ya makaa jani liungueungue, mimi huzipenda hivyo zaidi. Na kama tofu imekosekana kabisa, wao hupika na samaki namna hii hii, changu mdogo aliyesafishwa anaingia.