Namna ya Kufundisha Densiti kwa Kiingereza Bila Kumpoteza Mtoto

Nafundisha Fizikia Kidato cha Kwanza huku Mbagala, darasa la wanafunzi 70 na ushee. Wengi wamesoma shule za msingi za serikali, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia tangu 1967. Halafu wanaingia sekondari, wanafungua daftari, na karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Ukiwauliza "Tuko pamoja?" wanaitika kwa kishindo. Itikio hilo lilinidanganya miaka yangu miwili ya kwanza kazini. Mwalimu mwenzangu, nakueleza ninavyofanya sasa, kwa kutumia mada moja tu, densiti. Nyingine utazipanga mwenyewe.

Kabla hujaingia darasani, chukua ukurasa mtupu upige mstari katikati. Kushoto andika wazo ambalo ni geni kwa mtoto. Kulia andika lugha ambayo ni ngeni kwake. Kwa densiti, kushoto kwangu kuna jambo moja: tungamo (kiasi cha maada kilichomo katika kitu) kiasi gani limeshindiliwa katika ujazo fulani. Kulia kuna "mass", "volume", "float", "sink", "denser than", "because". Pande zote mbili zikijaa, usizibebeshe kichwa cha mtoto kwa wakati mmoja. Kipindi cha kwanza kiwe cha wazo, cha pili kiwe cha lugha. Utasema mtaala hauishi. Nami nasema mada iliyopita juu ya vichwa vya watoto utairudia tu, tena kwa haraka, karibu na mtihani.

Kipindi cha kwanza naingia na ndoo ya maji, msumari wa inchi sita na nazi isiyofuliwa. Nawapa vishikwe, vipite mkono kwa mkono. Nauliza kwa Kiswahili: kipi kizito? Nazi. Natumbukiza vyote. Msumari unakwenda chini, nazi inaelea. Mbona?

"Madam, chuma ni kizito!"

"Lakini nazi ndiyo nzito, si umeishika mwenyewe?"

Hapo nyamaza. Waache wabishane dakika kumi nzima, wawili wawili, kisha dawati kwa dawati. Mtoto mmoja atafika mahali aseme, "Tungekata kipande cha nazi kilingane ukubwa na msumari, msumari ungekuwa mzito zaidi." Huyo amekupa densiti, na hajatamka neno lolote la Kiingereza. Ungeuliza swali lile lile kwa Kiingereza ungepata kimya, na wote wanatazama madaftari.

Lakini usidhani Kiswahili chetu cha kila siku hakina mitego. Neno "uzito" peke yake linabeba mzigo mkubwa. Gunia la mchele ni zito, chuma ni kizito, uji nao ni mzito, na kila mara tunamaanisha jambo tofauti. "Nguvu" ndivyo hivyo: mtaani inasimama badala ya kani (msukumo au mvuto) na badala ya nishati. Na ukifika kwenye "kazi" ndiyo kabisa. Mlinzi aliyesimama getini usiku kucha amefanya kazi na anastahili mshahara wake, ila kwa Fizikia, geti ambalo hakulisogeza halijafanyiwa kazi yoyote. Mtoto akikosea hapo, kosa si la Kiingereza. Amebeba maana ya nyumbani akaipachika kwenye neno geni.

Kwa hiyo nina karatasi ya manila ukutani yenye safu tatu: neno la nyumbani, neno la kitabu cha shule ya msingi, neno la Kiingereza. Uzito, tungamo, "mass". Nguvu, kani, "force". Safu ya katikati ndiyo walimu wengi wa sekondari tunaisahau. Watoto hawa walishafundishwa tungamo, ujazo, kani na nishati. Tunawaanzisha upya kana kwamba wamekuja watupu.

Kipindi cha pili ndipo tunavuka. Usivushe maneno pekee, vusha sentensi nzima. Naandika ubaoni: "The nail sinks because it is denser than water." Chini yake sentensi hiyo hiyo ikiwa na mapengo, nao wanaijaza kwa nazi, mafuta ya taa, barafu. Kila mmoja anamwambia jirani yake kwanza, ndipo namwita mtu mbele. Angalia hasa penye "kuliko". Mtoto wetu ataandika "heavy than water", kwa sababu Kiswahili hakigusi kivumishi chenyewe kinapolinganisha. Mwonyeshe hilo waziwazi, dakika tatu zinatosha.

Nami sichanganyi ndani ya sentensi moja. "Density ya maji iko greater" humwacha mtoto bila sentensi ya kuandika katika lugha yoyote. Namaliza sentensi kwa Kiswahili, kisha naisema nzima kwa Kiingereza. Kuzitumia lugha mbili kwa mpango si uvivu wa mwalimu. Kule Wales, mwaka 1994, mtaalamu wa elimu Cen Williams alieleza mbinu hiyo kwa shule za Kiwelshi na Kiingereza: mwanafunzi apokee somo kwa lugha moja, alitoe kwa nyingine. Ili alitoe, lazima awe amelielewa.

Zoezi la kufunga mada ni pantoni la Kigamboni. Ni la chuma, na chuma kina densiti inayokaribia mara nane ya maji. Mbona linaelea, tena na magari juu? Wanajadili kwa Kiswahili mpaka mtu aikumbuke hewa iliyomo ndani ya mwili wa pantoni, halafu wanaandika sentensi mbili kwa Kiingereza.

Maneno ya mtihani yafundishe peke yake. Kiswahili chetu kinatumia "eleza" kwa "describe" na kwa "explain", na hapo alama nyingi zinapotea. Kwangu "describe" ni niambie ulichoona, "explain" ni niambie kwa nini. "State" ni taja, usieleze.

Wakati wa kusahihisha natumia kalamu mbili. Nyekundu ni ya Fizikia, na ndiyo inayotoa alama. Bluu ni ya Kiingereza, inarekebisha bila kukata alama. "Nail is sink because is dense more" inapata alama yake, kisha inaandikwa upya chini. Mtihani wa taifa utataka Kiingereza, kwa hiyo kuandika upya si hiari.

Na kucheka Kiingereza cha mwenzako ni marufuku darasani kwangu, kama ilivyo marufuku kumwadhibu mtu kwa kuuliza kwa Kiswahili. Nilipokuwa sekondari nilivishwa kibao shingoni kwa kosa hilo. Wiki ile sikuuliza swali lolote, na mada iliyofundishwa ilikuwa kani. Nilikuja kuielewa chuoni.