Injini za roketi za modeli, E hadi G: anza na mizani, si na herufi

Wengi wakishazoea injini ndogo za A hadi D hukimbilia G kwa sababu ni kubwa. Herufi hutaja jumla ya msukumo tangu fueli iwake hadi iishe: E huishia newtoni-sekunde 40, F 80, G 160. Kama roketi itapaa wima au italala njiani, utajua kwa namba inayofuata.

Chukua G40-7W ya AeroTech. 40 ni wastani wa msukumo kwa newtoni. 7 ni sekunde zinazopita tangu fueli iishe hadi baruti ifyatue parachuti. W ni aina ya fueli. Ukikuta P mahali pa 7, hamna baruti ya kufyatulia, kwa hiyo iache kama roketi yako haina altimita (kifaa cha elektroniki kinachopima urefu iliofika) ya kufanya kazi hiyo.

Pima roketi ikiwa kamili, parachuti na injini zikiwa ndani. Tuseme ni gramu 700, yaani newtoni 6.9. Msukumo wa wastani usipungue mara 5 ya hapo, sawa na newtoni 34. Estes F15 haifiki hata nusu, japo ni F. G40 inapita.

Lakini usinunue bado. Mapezi hayashiki mpaka hewa ipite kwa kasi, hivyo lenga walau mita 13 kwa sekunde roketi inapoachana na reli, yaani chuma kinachoiongoza inapoanza kupaa. Gawanya msukumo kwa kilo, toa 9.8, zidisha kwa urefu wa reli mara mbili, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa reli ya mita 1.2, G40 inatoa 10.7 tu, upepo ukivuma, roketi itaugeukia na kwenda kuanguka mbali. Tafuta reli ya mita 1.8 (utapata 13), au weka G80 kwenye reli ileile fupi, upate karibu 16. Kwa Marekani, wastani ukizidi newtoni 80 au fueli ikizidi gramu 62.5, injini huhesabiwa ya nguvu kubwa na utadaiwa cheti.

Injini nzito huvuta uzito nyuma. Ibebe roketi kwa kidole uone inapolala sawa: hapo pawe mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa (mahali nguvu ya hewa inapoisukumia roketi kwa jumla) kwa walau kipenyo kimoja cha bomba. Pasipofika, ongeza uzito puani, halafu rudi kwenye mizani.

Sekunde za kuchelewa zitafute kwa OpenRocket, programu ya bure. Zikiwa chache, parachuti hufunguka roketi ikiwa bado mbioni na kamba huchana bomba kama zipu. Zikizidi, inafunguka roketi ikishuka kwa kasi, pua mbele, na hasara ni ileile. Injini nyingi za AeroTech huruhusu kupunguza sekunde kwa kutoboa na kifaa chake, lakini kuongeza haiwezekani, kwa hiyo nunua yenye nyingi.

Fueli ya kompositi, yaani isiyo ya baruti, kama ya G40, huwashwa juu kabisa ndani ya tundu lake. Kiwashio kikiishia chini, injini hukohoa na kuzimika. Zile za baruti, kama E12 na F15, usiziache kwenye gari juani: joto na baridi zikipishana, baruti hupata nyufa, na injini hupasuka palepale inapowashwa.