Lori likikosa nguvu mlimani: kagua njia ya hewa kabla ya kununua turbo

Lori lenye kontena likitoka bandarini Mombasa linakwenda vizuri hadi Miritini. Likianza kupanda Mazeras linachoka, linatoa moshi mweusi na dizeli inaisha upesi. Wengi hapo hufungua turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini. Ngoja kwanza: mara nyingi hewa imezibwa kabla ya kufika kwenye turbo, au inavuja ikishatoka, na yote mawili hupimwa bila kununua kitu.

Zima injini, toa ufunguo, inua kebini na uhakikishe loki yake imeshika.

1. Soma geji ya filta iliyo kwenye paipu ya hewa. Ikiwa nyekundu, filta imeziba.

2. Toa filta kubwa na uingize tochi ndani. Mwanga usipopenya, badilisha. Usiigonge kwenye tairi. Karatasi hupasuka na mpira wa kuzibia hupinda. Ukilazimika kuipuliza, upepo usizidi psi 30 (psi ni kipimo cha presha), ukitoka ndani kwenda nje. Filta ndogo ya ndani haipulizwi kabisa: badilisha mpya kila filta kubwa inapobadilishwa mara ya tatu. Minya ule mpira ulio chini ya nyumba ya filta vumbi limwagike. Masika, kagua karatasi isiwe imelowa.

3. Sasa paipu kati ya filta na turbo. Hapa tuliza macho, kwa sababu sehemu hii inafyonza: tundu halipigi mluzi wala halitoi mafuta, linavuta vumbi kimyakimya. Vumbi hilo husaga mapanga ya turbo, kisha ringi na silinda, na hapo unazungumzia gharama ya injini nzima. Fungua klipu iliyo karibu na turbo, futa ndani ya paipu kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na vumbi, fuata michirizi yake hadi inapoanzia. Mara nyingi ni mpira uliochanika chini ya klipu, mahali jicho halifiki, au paipu ndogo inayopeleka hewa kwenye kompresa ya breki. Usizibe kwa silikoni. Kipande kikibanduka kinaingia kwenye turbo. Badilisha mpira, na kwa hewa yetu ya chumvi weka klipu zisizoshika kutu.

4. Kabla ya kurudisha paipu, shika ncha ya shafti ya turbo. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Mapanga yakigusa nyumba yake, au shafti ikienda mbele na nyuma hadi uisikie mkononi, turbo imekwisha.

5. Pima intakula, ile rejeta inayopoza hewa ikitoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Ziba paipu zake mbili kwa vizibo, kimoja kiwe na valvu na geji. Vifunge kwa mnyororo: kizibo kikifyatuka kinaweza kuua. Jaza psi 30, funga upepo, hesabu sekunde 15. Kwa injini nyingi, geji isishuke zaidi ya psi 5. Ikishuka zaidi, paka maji ya sabuni kwenye mipira, maungio na kingo za intakula, mapovu yatakuonyesha. Doa jeusi la mafuta kwenye mpira pia ni dalili.

Rudisha kila kitu, kaza, kisha lijaribu lori likiwa na mzigo na mlimani. Likiwa tupu, turbo haisukumi vya kutosha, kwa hiyo hata lenye uvujaji litaonekana zima. Moshi mweusi ukibaki na presha iko sawa, hamia kwenye nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini.